Tathmini ya Kazi: Kwa Nini "Jitahidi Zaidi" Haitoshi

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Tathmini ya wafanyakazi wa umma hufuata kalenda hiyo: malengo huwekwa mwanzoni, hukaguliwa katikati ya mwaka, na alama hutolewa mwishoni. Kandarasi za utendakazi zilianza nchini mwaka 2004, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa kusimamia utendakazi.

Fomu hujazwa. Kinachorukwa ni mazungumzo. Msimamizi anajua kesho atakutana na mtu huyo huyo kwenye lifti, basi huandika "jitahidi zaidi" na kutia sahihi. Mfanyakazi naye hujibu "sawa, mkubwa" hata kama hakuelewa kosa liko wapi.

Chukulia mfagiaji wa katikati ya jiji. Akiambiwa mwezi Juni kwamba kazi yake ni duni, hana tena la kurekebisha. Akiambiwa Jumanne kwamba Tom Mboya Street, karibu na Archives, ilibaki na taka Jumatatu asubuhi, anaweza kueleza kwamba toroli limeharibika tangu wiki jana. Hapo huenda msimamizi ndiye atakayeondoka na kazi ya kufanya, na pengine ndiyo sababu wengine hawapendi kuuliza.

Kwa mwajiri wa kibinafsi, awe na duka Kangemi au yaya Lavington, kunyamaza kunaweza kumgharimu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utendakazi mbaya, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama, na maelezo yake lazima yasikizwe. Kesi ikifika mahakamani, Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu zake. Asiyewahi kusema lolote kwa miaka miwili atakuwa na kibarua kigumu.

Mfanyakazi anayeona ameachishwa kazi isivyo haki anaweza kuwasilisha malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu tangu siku alipoachishwa. Abebe barua, jumbe za simu na nakala za fomu za tathmini, hata zile zilizoandikwa "jitahidi zaidi".