Sarafu yenye tundu: ile feza ya zamani ya Uganda na Kenya ina bei gani?

Kwa wakaaji wa Aru, Mahagi ao Kasindi, shilingi ya Uganda si kitu cha ajabu, inaingia sokoni kila siku. Lakini mara kwa mara mtoto anafungua sanduku ya babu yake na kukuta sarafu ingine, nyekundu ya kuelekea weusi, yenye tundu katikati na maneno EAST AFRICA. Hapo maswali yanaanza. Ni feza ya wapi? Na ni kweli kwamba Wazungu wanainunua kwa maelfu ya dola?

Mwisho wa 1919, Waingereza waliweka huko London bodi ya kushugulikia feza ya makoloni yao ya Afrika Mashariki. Mbele ya hapo watu walilipa kwa rupia, juu ya biashara na India. Katika 1920 rupia ikaachia florini nafasi, na kufikia 1922 florini nayo ikaenda: florini moja shilingi mbili, shilingi moja senti 100. Feza hiyo ilitembea Kenya, Uganda na Tanganyika, na Zanzibar ikaingia 1936. Katika 1966 kila inchi ikaanza kutoa feza yake.

Tundu lilikuwa na kazi. Senti 1, 5 na 10 zilitobolewa, na mutu aliweza kuzipitisha kwenye kamba na kuzibeba bila mfuko. Wabeleji nao walitoboa santimu za Kongo, kwa hiyo usichanganye: ile ya kwetu ina nyota kubwa kuzunguka tundu, ile ya Waingereza ina pembe za tembo.

Wenye kukusanya sarafu wanapenda sana mwaka 1936. Mfalme George V alikufa mwezi wa kwanza, mutoto wake Edward VIII akachukua kiti, kisha akakiacha mwezi wa kumi na mbili juu ya mwanamuke aliyetaka kuoa. Kule Uingereza kwenyewe, watu hawakupata kutumia sarafu yenye sura yake. Lakini senti 5 na 10 za Afrika Mashariki hazina sura ya mutu, kwa sababu pale katikati ni tundu. Zinabeba tu jina: EDWARDVS VIII. Zikatengenezwa, zikatumwa, mama wa soko wa Kampala akazishika mkononi wakati wa London hakuzishika.

Sasa, ni bei gani? Hapa wengi wanadanganyika. Senti hizo za Edward zilitolewa kwa mamilioni, na ile iliyochakaa inauzwa dola moja ao chache tu. Uzee wa sarafu peke yake haufanyi bei. Kinachofanya bei ni uchache na hali yake. Tazama chini kama kuna herufi ndogo: H na KN ni viwanda vya Birmingham, SA ni Pretoria, I ni Bombay, wakati wa vita. Mwaka uleule unaweza kuwa mwingi kwa herufi moja na haba kwa ingine. Florini za 1920 zilidumu muda mufupi, ndiyo maana zinatafutwa kuliko shilingi.

Shilingi yenye simba na milima nayo ina siri. Mpaka 1946, robo yake ilikuwa feza nyeupe ya kweli, karibu gramu 2 katika kila sarafu. Kuanzia 1948 ni nikeli na shaba tu. Mwaka ndio unakuambia, usiamini macho.

Kosa kubwa ni kusugua. Mutu anaokota sarafu, anaipaka limau na majivu mpaka ing'ae, akifikiri ameongeza bei. Ameiua. Mnunuzi anayejua anataka ile rangi ya zamani, na mikwaruzo anaiona mara moja. Ifunge ndani ya karatasi kavu, na uishike pembeni.

Na kama mutu anakuambia sarafu yako ni ya dola 5000, lakini kwanza umupe dola 50 ya transport akaitafutie mnunuzi, huyo anatafuta zile 50. Mnunuzi wa kweli anaomba picha mbili: mbele na nyuma.