Mbio za BMX milimani: mwendo huanzia kwenye breki

Msikilizaji, kuendesha baiskeli Shume si sawa na kuendesha Korogwe au Tanga mjini. Kule chini barabara imelala. Huku ukitoka nyumbani ama unapanda ama unashuka, njia ni ya udongo, na nyuma yako huenda lori la kabichi au viazi linakuja. Kijana wa milimani akipata baiskeli hutamani kushindana na wenzake kwenye mteremko. Mzazi wake naye hataki hata kusikia habari hiyo, na ana sababu.

Katika makala haya tunaeleza mbio za BMX, yaani mbio za baiskeli ndogo kwenye njia fupi ya udongo yenye matuta na kona. Tutaeleza mbinu zinazomfanya mtu aende kasi bila kuumia. Mbinu hizi hazihitaji baiskeli ya bei kubwa.

Mbio hizi ni zipi?

Zilianza California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watoto walikuwa wakiona mbio za pikipiki kwenye udongo, wakaziiga kwa baiskeli. Mwaka 2008 mchezo huo uliingia kwenye Olimpiki ya Beijing, kwa wanaume na wanawake. Mariana Pajón, mwanamke kutoka Medellín, mji wa milimani nchini Colombia, alishinda dhahabu mwaka 2012 na tena 2016. Kwa hiyo wasichana wasiambiwe kwamba mchezo huu si wao.

Kwenye mashindano makubwa waendeshaji wanane huanza pamoja. Njia huwa na urefu wa mita 300 hadi 400, na mbio huisha chini ya dakika moja. Baiskeli ina magurudumu ya inchi 20, gia moja, na breki moja tu, ya nyuma. Mwendeshaji hakai kitini. Husimama juu ya pedeli karibu muda wote.

Anza na breki

Vijana wengi hudhani anayeshika breki ni mwoga. Ukweli ni kwamba anayeziamini breki zake ndiye anayethubutu kwenda kasi. Kabla ya kupanda baiskeli, kagua mambo manne: mipira ya breki haijaisha, waya haujaanza kukatika, usukani haulegei, na cheni haichomoki. Kama breki yako ni ya kurudisha pedeli nyuma, kumbuka kwamba cheni ikichomoka huna breki tena.

Kwenye mteremko, uzito wa mwili hukimbilia mbele. Ukishika breki ya mbele ghafla, gurudumu la nyuma linanyanyuka na unarushwa juu ya usukani. Ukishika ya nyuma kwa nguvu zote, gurudumu linasimama, tairi linateleza na baiskeli inaweza kukushinda. Njia sahihi ni hii: simama kwenye pedeli zote mbili zikiwa sawa, sukuma makalio nyuma ya kiti, kunja viwiko, kisha bana breki kidogo kidogo ukiongeza nguvu. Kama una breki mbili, tumia zote kwa pamoja.

Mvua ikinyesha, maji hukaa kati ya mpira wa breki na ringi, na baiskeli huchelewa kusimama. Bana breki kidogo mapema ili kufuta maji, na anza kupunguza mwendo mbali zaidi kuliko siku ya jua.

Zoezi: weka jiwe njiani kwenye mteremko mdogo. Shuka, anza kushika breki ukifika kwenye jiwe, halafu pima kwa hatua umesimama wapi. Rudia mara kumi. Ukiweza kusimama karibu na jiwe bila tairi kuteleza, umeiva.

Macho na kona

Baiskeli hufuata macho. Ukitazama shimo, utaingia shimoni. Ukitazama gurudumu la mbele, kila jiwe litakushtua. Tazama mbele mita kadhaa, mahali unapotaka kufika.

Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona, kwa sababu tairi likiwa limelala upande halina nguvu ya kugeuka na kufunga breki kwa wakati mmoja. Kona ikiwa ya kushoto, teremsha pedeli ya kulia na uikanyage kwa uzito wako. Ikiwa ya kulia, fanya kinyume chake. Hivyo pedeli haitagonga chini na tairi litashika udongo. Laza baiskeli, lakini mwili ubaki wima kidogo kuliko baiskeli. Ingia kona ukiwa upande wa nje, pita karibu na ndani, tokea nje tena. Geuza kichwa mapema kutazama unakotokea.

Kupita matuta bila kukanyaga pedeli

Hapa ndipo bingwa anapomwacha mwenye nguvu za miguu tu. Tuta likikujia, asiyejua hukaza mikono, anarushwa juu na kupoteza mwendo. Anayejua hukunja magoti na viwiko anapopanda tuta, kana kwamba analipokea. Anaposhuka upande wa pili, hunyoosha mikono na miguu na kuisukuma baiskeli chini. Msukumo huo huongeza mwendo bila kukanyaga pedeli hata mara moja. Usijaribu kuruka tuta kabla ya kuweza hili. Kwenye mbio, gurudumu likiwa hewani halikusukumi mbele.

Zoezi: ingia kwenye matuta kwa mwendo uleule kila mara, kisha acha kukanyaga. Hesabu umepita matuta mangapi kabla baiskeli haijasimama. Leo mawili, wiki ijayo manne. Hapo utajua umepiga hatua bila kuambiwa na mtu.

Kuanza mbio

Mbio hizi ni fupi, kwa hiyo anayefika kona ya kwanza akiongoza ana nafasi nzuri ya kushinda. Weka mguu wenye nguvu mbele, pedeli yake ikiwa juu kidogo ya usawa. Simama, mikono imenyooka, macho mbele. Ishara ikitolewa, peleka nyonga mbele kuelekea usukani huku ukikanyaga kwa nguvu. Fanya mazoezi ya kukanyaga mara tano au sita tu, kisha pumzika na urudie.

Tengenezeni njia yenu

Msishindane barabarani. Hata ukiwa na breki nzuri, lori lililobeba mzigo kwenye mteremko halisimami haraka, na dereva hakuoni kwenye kona. Ombeni kipande cha ardhi mbali na barabara, kwa ruhusa ya mwenyewe au serikali ya kijiji. Jembe na koleo vinatosha. Tuta la sentimita 30 kwenda juu, na mita 3 kutoka kilele cha tuta moja hadi kingine, linafaa kwa anayeanza. Shindilieni udongo ukiwa na unyevunyevu. Chimbeni mfereji wa maji, wala msivunje matuta ya shambani yanayozuia mmomonyoko. Wakati wa masika acheni njia ikauke kwanza. Mwisho wa njia uwe tambarare au upande kidogo, ili kila mmoja aweze kusimama.

Ukianguka

Vaa kofia ngumu, shati la mikono mirefu, suruali, viatu vilivyofunika vidole, na glavu kama unazo. Kofia ya pikipiki ni nzito, lakini ni bora kuliko kichwa kitupu. Aliyegonga kichwa asipande tena baiskeli siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa, akizimia, au kichwa kikizidi kuuma, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Wazazi, kumficha kijana baiskeli hakumfundishi kuiendesha. Siku mtakayomkuta njiani akishuka, ni heri awe ameshafundishwa kusimama. Nendeni mkamtazame akifanya lile zoezi la jiwe, na mumpimie hatua zake. Asiyeweza kusimama mnapomwambia simama, bado hajawa tayari kushindana.