Mali Bila Daftari: Somo la Biashara na Dhahabu ya Macalder

Mzee wa Pwani akiambiwa kuwa mwanawe amepata nafasi chuo kikuu kusomea biashara, aghalabu hucheka kidogo kabla ya kushukuru. Udaktari unasomwa, sheria inasomwa; lakini biashara? Yeye aliijua dukani kwa babake, akipima mchele kwa kibaba na kukunja karatasi za majani ya chai. Babake naye aliijua kwa babu, aliyengoja majahazi ya msimu wa kaskazi. Hapana aliyewafundisha kwa ubao na chaki, na nyumba zikajengwa, watoto wakala na Hija zikafanywa.

Swali la mzee huyu si la kupuuzwa. Vijana wetu wengi siku hizi husomea shahada ya usimamizi wa biashara, na ndani yake mna somo liitwalo ujasiriamali. Serikali huwagawa wanafunzi katika vyuo vya nchi nzima, hata mwana wa Lamu au Kwale huenda akajikuta Rongo, katika Kaunti ya Migori, kwenye chuo kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi kabla ya kupata hati yake mwaka 2016. Mzazi anayeuza mbuzi na kukopa ili amlipie karo ana haki ya kuuliza: mwanangu anafundishwa nini huko asichoweza kukipata sokoni Kongowea?

Ili tulijibu swali hilo, na twende mahali palipo karibu na chuo hicho kuliko sisi. Katika Nyatike, upande wa Ziwa Viktoria, pana mji mdogo uitwao Macalder. Jina ni la kigeni, na sababu yake ni machimbo. Wakati wa ukoloni kampuni ilichimba hapo dhahabu na shaba, na machimbo hayo yakafungwa mwaka 1966. Kampuni ilipoondoka, dhahabu haikuondoka. Wenyeji, Wajaluo na wageni waliowafuata, wakaingia wenyewe kwa sururu, tindo na kamba, na hadi leo wangali wanachimba.

Kazi yenyewe ni hii. Wanaume huteremka shimoni na kukata mwamba. Mawe hupandishwa kwa magunia, huvunjwa, kisha hupelekwa kwenye kinu cha kusaga. Unga wake huoshwa kwa maji juu ya ubao wenye mteremko, uliotandikwa kitambaa, na chembe nzito za dhahabu hunasa humo. Mwisho hutiwa zebaki, ambayo hushikamana na dhahabu, na tonge hilo huchomwa motoni hadi zebaki ikageuka moshi na dhahabu ikabaki. Kazi nyingi ya kuvunja mawe na kuosha hufanywa na wanawake.

Mchimbaji huyu ana ujasiri, wala hapana awezaye kumfundisha ujasiri zaidi. Anaingia katika shimo lenye giza asijue kama atatoka na dhahabu au na udongo mtupu, na pengine asijue kama atatoka. Neno letu ujasiriamali limetokana na ujasiri na mali. Ikiwa ujasiri tayari anao, basi kinachomponyoka ni mali. Kwa nini?

Tuchukue mfano wa kutunga tu, wenye hesabu nyepesi. Watu 5 wanachimba shimo moja. Wamepata magunia 10 ya mawe, na kila gunia limetoa nusu gramu, jumla gramu 5. Tuseme bei ya sokoni ni shilingi 10,000 kwa gramu. Wametumia shilingi 6,000 kwa nguzo za kuzuia shimo lisiporomoke, 9,000 kwa chakula, 7,000 kwa mafuta ya mashine ya kuvuta maji, 8,000 kwa kinu na 3,000 kwa uchukuzi: jumla 33,000. Wakiuza kwa bei ya sokoni watapata 50,000, na faida ni 17,000, yaani 3,400 kwa kila mtu.

Lakini fedha za nguzo na mafuta walikopeshwa na mnunuzi, kwa sharti kwamba dhahabu yote wamuuzie yeye kwa 8,500. Sasa mapato ni 42,500, na faida ni 9,500. Kila mmoja ana 1,900. Mkopo huo haukuitwa riba, wala haukuandikwa popote, bali umekula 7,500 katika jasho lao. Na kama mawe yangetoa gramu 3 tu, wangepata 25,500 na kubaki na hasara ya 7,500. Kwa bei ya mnunuzi huyo, ni lazima wapate karibu gramu 4 ndipo wasipate wala wasipoteze. Asiyejua kipimo hicho hushangilia kila aonapo noti mkononi, na mwisho wa mwaka hujiuliza zilikokwenda.

Hapo ndipo ulipo ubao na chaki. Mwanafunzi wa somo hili hufundishwa kuitafuta hiyo alama ya gramu 4 kabla ya kuteremka shimoni, si baada yake. Hufundishwa kutenganisha gharama isiyobadilika na ile inayopanda na kushuka pamoja na kazi. Kuandika mpango wa biashara ambao mtu mwingine anaweza kuusoma na kuukosoa. Kupima soko kabla ya kununua bidhaa. Wazee wetu walilisema jambo lilo hilo kwa maneno machache: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nadharia za somo hili nazo zina asili ya mbali. Richard Cantillon, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1755, alimweleza mfanyabiashara kuwa mtu anayenunua kwa bei anayoijua ili auze kwa bei asiyoijua. Joseph Schumpeter, katika karne ya 20, alimwona kuwa ni yule anayeleta jambo jipya na kuvunja la zamani. Na hapa kwetu Kenya, mwaka 1971, Peter Marris na Anthony Somerset walitoa kitabu chao juu ya wafanyabiashara Waafrika wa nchi hii. Mwaka uliofuata ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ilifanya dunia iwatazame kwa jicho jipya mafundi na wachuuzi wetu wadogo, wale tunaowaita watu wa jua kali.

Hata hivyo, kwa sisi Waislamu somo hili halianzii kwa Cantillon. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisafiri Sham na bidhaa za Bibi Khadija kabla ya utume, mwenye mali akitoa mali na mwenye kazi akitoa kazi. Abdulrahman bin Auf alipohamia Madina mikono mitupu, akapewa na ndugu yake wa Kiansari nusu ya mali, alimwombea baraka na akataka aonyeshwe njia ya sokoni tu. Alianza kwa jibini na samli, akawa miongoni mwa matajiri wa masahaba.

Fikihi yetu ina mlango mzima wa mudharaba. Faida hugawanywa kwa fungu lililoafikiwa tangu mwanzo, theluthi au nusu. Hasara ya fedha humwangukia mwenye mtaji maadamu mfanyakazi hakufanya uzembe wala hiana, naye mfanyakazi hupoteza jasho lake. Ulinganishe mkataba huo na ule wa mnunuzi wa mfano wetu, ambaye faida ni yake na hasara ni ya mchimbaji. Tena wanavyuoni wamekaza sana katika kuuza dhahabu kwa fedha, kwamba makabidhiano yawe papo kwa papo, na wametahadharisha juu ya mkopo unaomvutia mkopeshaji manufaa. Kijana wetu aliyeko Rongo, akiyajua haya na akijua hesabu za chuo, anaweza kukaa na wachimbaji na kuwaandikia mkataba ulio bora kuliko wanaoujua.

Iko pia gharama isiyoandikwa katika daftari lolote. Moshi wa zebaki huingia mapafuni mwa anayechoma, na huumiza ubongo wa mtoto aliye tumboni. Ni kwa sababu hiyo mataifa yalipitisha Mkataba wa Minamata mwaka 2013, kupunguza matumizi yake. Faida inayopatikana kwa kumdhuru jirani si faida, na dini yetu imekataza kudhuru na kulipiza madhara. Somo la biashara lisilomfundisha kijana kuihesabu gharama hiyo limemfundisha nusu tu.

Basi tumjibu mzee wetu. Kweli, ujasiri haufundishwi darasani, wala uaminifu hautolewi pamoja na shahada. Hivyo mtoto huvichukua nyumbani na madrasani. Na yule kijana anayedhani kwamba cheti kitamfanya tajiri, na aende Macalder akawatazame wanaofanya kazi kuliko yeye na hawana kitu. Lakini chuo kinaweza kumpa jicho la kuona pale mali inapovuja, na kalamu ya kuuziba mwanya. Mzee asicheke basi. Mwana akirudi likizo, ampe daftari la duka, amwambie: nisomee hesabu za mwaka huu. Hapo ndipo wote wawili watakapojua kama karo ililipwa bure.