Ndege ya Kivita Kiganjani: Umbo Linasema, Uzito Unadanganya

Mwezi Februari 1942, wiki chache baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za sekondari wachonge ndege 500,000 za mbao. Hazikuwa za kuchezea. Marubani na wapiga mizinga walihitaji kutofautisha ndege ya adui na ya mwenzao kwa kutazama umbo peke yake, tena kwa kufumba na kufumbua. Skeli iliyochaguliwa ilikuwa 1:72: sentimita moja ya modeli ni sentimita 72 za ndege yenyewe. Ining'inize modeli hiyo mita 10 kutoka ulipo, na jicho litaiona sawa na ndege kamili iliyo umbali wa mita 720.

Waingereza walikuwa wakiitumia skeli hiyo tangu miaka ya 1930, kwa sababu iliwarahisishia hesabu: futi sita zinakuwa inchi moja. Hadi leo, kwa wakusanyaji wa ndege za kivita za jeti, 1:72 ni miongoni mwa skeli zinazopendwa zaidi, pamoja na 1:48 iliyo kubwa kidogo. Mimi nashikilia kwamba anayezikusanya kwa makini hujifunza fizikia ya hewa kwa namna ambayo picha haiwezi kumpa, mradi ajue pia mahali ambapo modeli haisemi kweli.

Chukua F-104 Starfighter ya kampuni ya Lockheed, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1954. Ina urefu wa mita 16.7, lakini kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni mita 6.6 tu. Katika 1:72 inakuwa sentimita 23 kwa 9, na mtu anayeishika kwa mara ya kwanza huuliza mabawa yako wapi. Jibu limo katika kasi. Ndege hii ilisanifiwa kwenda mara mbili ya kasi ya sauti, na katika kasi hiyo bawa nene huisukuma hewa ghafla hadi ikajibana na kufanya mawimbi ya mshtuko, ambayo hula nguvu ya injini. Kwa hiyo Kelly Johnson na wasanifu wenzake wakaipa mabawa mafupi na membamba mno. Ukingo wake wa mbele ulikuwa na unene wa kama milimita 0.4, na ndege ikiwa chini mafundi waliufunika ili usimkate mtu.

Hapo ndipo modeli inaposhindwa. Gawanya milimita 0.4 kwa 72 na utapata kama milimita 0.006. Hakuna kalibu ya plastiki inayoweza kutoa ukingo wa namna hiyo, kwa hiyo kila F-104 ndogo iliyomo kabatini ina mabawa mazito kuliko inavyostahili.

Uzito nao una hesabu yake. Skeli inapopunguza urefu mara 72, eneo hupungua mara 5,184 na ujazo mara 373,248. F-104 isiyo na mafuta wala silaha ina takriban tani 6.4. Uzito hufuata ujazo, kwa hiyo zigawanye tani hizo kwa 373,248 na utapata gramu 17 hivi! Lakini modeli ya chuma ya ndege hiyo hiyo huwa na mamia ya gramu. Wauzaji husifia uzito huo kama dalili ya ubora, na mkono kweli huufurahia, ila hauhusiani na ndege yenyewe. Ndege halisi ni ngozi nyembamba ya aluminiamu iliyozunguka matangi, njia za hewa na nafasi tupu.

Mabawa hayo madogo yalikuwa na gharama. Yalilazimu ndege itue kwa kasi kubwa, na kosa dogo la rubani halikupata muda wa kusahihishwa. Ujerumani Magharibi ilitumia F-104 zaidi ya 900 na kupoteza karibu 300 katika ajali, ambamo walikufa marubani zaidi ya 100. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo mafunzo, hali ya hewa na mizigo iliyoongezwa. Anayeiweka ndege hii kabatini inampasa ayajue hayo pamoja na rangi zake.

Modeli ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, inahusu kiuno. Mwaka 1953 kampuni ya Convair iliirusha YF-102, na licha ya injini yake kubwa ndege hiyo haikuweza kuvuka kasi ya sauti ikiwa inaruka kwa usawa. Richard Whitcomb wa taasisi ya NACA, pale Langley, Virginia, alikuwa tayari ameona kiini cha tatizo. Karibu na kasi ya sauti, hewa haitofautishi bawa na kiwiliwili. Kinachohesabika ni jumla ya eneo la ndege iliyokatwa vipande kutoka pua hadi mkia. Mahali mabawa yanapoanza, jumla hiyo hupanda kwa ghafla na mawimbi ya mshtuko huzaliwa. Dawa yake ilikuwa kukibana kiwiliwili pale pale penye mabawa. Convair ikairefusha ndege na kuipa kiuno, na Desemba 1954 ikapita kasi ya sauti.

Watu wa Kenya wana mfano wake karibu. F-5 za Jeshi la Anga la Kenya, ambazo wananchi huzitazama zikipita angani katika sherehe za kitaifa, zina kiuno hicho hicho. Ndege ikiwa inapita juu kwa kasi, si rahisi kukiona. Shika modeli yake ya sentimita 20, itazame kutoka juu, na utaona kiwiliwili kinavyoingia ndani kama chupa ya soda. Kidole hukitambua hata kabla ya jicho.

Kuna siku modeli ilikwenda mbele ya habari. Mwaka 1986 kampuni ya Testors ya Marekani iliuza modeli iliyoiita F-19, ubunifu wa John Andrews kuhusu ndege ya siri isiyoonekana na rada. Wabunge walikasirika kwamba madukani kinauzwa kitu ambacho wao hawaruhusiwi kukiona. Novemba 1988 serikali ilipoonyesha picha ya F-117, ikadhihirika kwamba Andrews alikuwa amekisia vingine kabisa. F-19 yake ilikuwa laini na ya mviringo. F-117 ilikuwa ya pande bapa zilizokutana kwa pembe kali. Kompyuta za miaka ya 1970 ziliweza kukokotoa jinsi mawimbi ya rada yanavyorudi kutoka kwenye pande bapa, wala si kwenye mipindo, na msingi wa hesabu hizo ulikuwa kazi ya mwanafizikia wa Kisovieti, Pyotr Ufimtsev. Wahandisi wa Lockheed nao walianza na modeli ya mbao, iliyowekwa juu ya nguzo jangwani mwaka 1975. Ben Rich, aliyekuwa kiongozi wao, alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba rada haikuiona hadi ndege mweusi alipotua juu yake. Rada ilikuwa imemwona ndege huyo.

Kuhusu utunzaji, kemia ndiyo inayoamua. Modeli za chuma hutengenezwa kwa aloi ya zinki yenye aluminiamu kidogo. Zinki hiyo ikichafuliwa na madini ya risasi, hata kwa kiasi kidogo sana, unyevu huipenya kati ya chembe zake, chuma kikavimba, kikapasuka na mwishowe kikamomonyoka. Ugonjwa huo hauna tiba. Plastiki haivimbi, lakini miale ya urujuanimno huigeuza njano, na stika nyeupe huharibika mapema zaidi. Kwa wakazi wa Mombasa, Tanga au Zanzibar, kabati la kioo lililo mbali na dirisha, lenye pakiti za kufyonza unyevu, lina faida kuliko modeli ya ziada.

Anayeanza asikimbilie wingi. Achague skeli moja asiibadilishe, kwa sababu ndege za skeli tofauti hazilinganishiki. Kisha atafute F-104, F-5 na F-117 za 1:72, aziweke pamoja, na kila mgeni atakayeuliza kwa nini hazifanani apewe jibu kamili.