Puppy Linux

Puppy Linux ni mfumo wa uendeshaji wa kompyuta unaotumia kerneli ya Linux. Uliundwa ili uwe mdogo, mwepesi na rahisi kutumia, hata kwenye kompyuta za zamani zenye kumbukumbu ndogo. Hupatikana bure kwenye intaneti.

Historia

Kerneli ya Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Ufini. Toleo la kwanza la Puppy lilitolewa mwaka 2003 na Barry Kauler wa Australia. Jina lake linatokana na mbwa wake mdogo wa aina ya Chihuahua, aliyeitwa Puppy. Kauler aliacha kuongoza mradi huo mwaka 2013, na tangu hapo unaendelezwa na watu wa kujitolea.

Puppy si mfumo mmoja bali ni familia ya mifumo. Matoleo yake hujengwa kwa kutumia vifurushi vya programu kutoka Ubuntu, Debian au Slackware.

Namna unavyofanya kazi

Mifumo mingi husoma faili zake kutoka diski kuu kila zinapohitajika. Puppy hunakili faili zake zote kwenye kumbukumbu ya RAM wakati wa kuwasha, ikiwa nafasi inatosha. Kwa kuwa RAM husomwa haraka kuliko diski, programu hufunguka upesi. Kwa sababu hiyo pia, kompyuta ambayo diski yake imeharibika bado inaweza kutumika.

RAM hufutika umeme unapokatika. Kwa hiyo, mtumiaji anapozima kompyuta kwa mara ya kwanza, Puppy humwuliza kama anataka kuhifadhi kazi na mipangilio yake katika faili maalumu. Akikataa, mashine itawaka tena ikiwa kama mpya.

Kuujaribu nyumbani

Puppy unaweza kujaribiwa bila kugusa mfumo uliopo. Hatua zake ni hizi:

1. Kujua aina ya kompyuta. Mashine ya biti 32 haiwezi kuendesha toleo la biti 64.
2. Kupakua faili ya toleo linalofaa.
3. Kuiandika faili hiyo kwenye fleshi kwa programu maalumu; kuinakili tu hakutoshi. Kila kilichomo kwenye fleshi hufutwa.
4. Kuwasha kompyuta na kuchagua fleshi katika menyu ya kuwashia, ambayo kwa mashine nyingi hufunguliwa kwa kitufe cha F12, F9 au Esc.
5. Kukagua kama sauti, kipanya na intaneti vinafanya kazi.

Tahadhari

Kwa kawaida mtumiaji wa Puppy huingia akiwa na mamlaka yote ya msimamizi, hivyo anaweza kufuta faili za diski kuu bila kuzuiwa. Hatari kubwa zaidi ni kugawa upya diski pasipo kuelewa: picha na nyaraka za miaka mingi huweza kupotea mara moja. Ni vema kutunza nakala mahali pengine kwanza.

Vilevile, mfumo mwepesi hauzifanyi tovuti kuwa nyepesi. Kivinjari cha kisasa chenye kurasa nyingi kinaweza kuijaza RAM ndogo.

Umuhimu

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizo nzima hazikidhi masharti ya Windows 11. Mifumo kama Puppy huwezesha mashine hizo kuendelea kutumika kwa kuandika, kusoma na kujifunza badala ya kutupwa.