Shoti Mbili, Globu Moja

Desemba iliyopita, kama kawaida yetu Wachagga, ukoo mzima ulipanda mlimani. Kwetu ni Old Moshi. Siku ya pili bibi akaniita stoo, akafunua kanga iliyofunika kitu kama kabati dogo. Kumbe ni redio ya babu: ya mezani, ya valvu, sanduku la mbao, vitufe vyenye rangi ya maziwa. Babu alikuwa karani wa reli. Aliinunua miaka ya 1960 akiishi kwenye nyumba yenye umeme Moshi mjini, na alipostaafu akapanda nayo. Tangu mimi nizaliwe haijawahi kuwashwa.

"Mjukuu wangu," bibi akasema, "si unasoma fizikia huko chuoni? Hebu iwashe niisikie kabla sijamfuata mwenyewe."

Baba mdogo alikuwa ameshashika plagi, anatafuta soketi. Nikamwambia, "Baba mdogo, samahani, subiri kwanza." Akacheka: "Miaka yote imesubiri, leo isubiri nini tena?"

Makala hii ni jibu langu kwake. Ni jibu pia kwa wenzangu hapa chuoni ambao bumu likiingia tu wanakimbilia amplifaya na redio za mtumba, wanazichomeka ukutani, halafu chumba kizima kinanuka plastiki iliyoungua.

Kwa nini usichomeke moja kwa moja

Redio iliyokaa miaka mingi haibaki kama ulivyoiacha. Ndani yake kuna kapasita ambazo baadhi zina majimaji ya kemikali, na miaka ikipita yanakauka au tabaka la ndani linaharibika. Waya wa zamani wenye ganda la mpira unapasuka ukiukunja. Panya nao hawana adabu. Kapasita moja ikiwa imeungana kwa ndani, umeme unapita kama kwenye waya mtupu, na soketi ya ukutani haiulizi swali. Itatoa ampea nyingi mpaka fyuzi ikatike, na fyuzi ya plagi ya pini tatu mara nyingi ni ya ampea 13. Kabla haijakatika, transfoma inaweza kuwa imeshaungua, na transfoma ya redio ya babu hupati dukani.

Tunachohitaji ni kitu cha kuupunguza umeme huo usije kwa fujo. Kitu chenyewe ni globu ya kawaida.

Kifaa chenyewe

Kwenye kipande cha ubao unafunga holda ya globu, swichi na soketi moja. Kutoka kwenye plagi, waya wa moto (kahawia, au mwekundu kwenye nyaya za zamani) unapita kwenye swichi, kisha kwenye globu, ndipo ufike kwenye soketi. Nyutro na ethi zinakwenda moja kwa moja kwenye soketi bila kukatwa. Yaani globu na redio zinakaa kwa mfululizo, kama tulivyochora kidato cha tatu. Viungio vyote vifungwe ndani ya boksi, pasibaki waya ulio wazi. Plagi weka fyuzi ya ampea 3. Na kama hujawahi kufunga hata soketi, mwite fundi umeme akufungie. Hapo si mahali pa kuonyesha ubabe.

Globu lazima iwe ile ya zamani yenye uzi ndani. Ya LED au ya kubana matumizi haifanyi kazi hii. Siku hizi za uzi ni adimu madukani, lakini nilikumbuka wanaozitumia bado: wafugaji wa kuku. Ile ya wati 100 niliyotumia nilimwazima mama kwenye banda la vifaranga, nikaahidi kuirudisha kabla ya giza.

Siri iko kwenye uzi. Globu ya wati 100 kwa volti 230 ikiwaka kabisa ina ukinzani wa ohmu 529, na mkondo wake ni ampea 0.43 tu. Ikiwa ya baridi, ukinzani unashuka hadi ohmu 40 hivi. Kwa hiyo redio ikivuta umeme kidogo, globu inabaki ya baridi na kuupitisha. Redio ikitaka kuvuta mwingi, uzi unapata moto, ukinzani unapanda, globu inabana. Hata redio ikiwa na shoti kamili, zaidi ya ampea 0.43 haipati.

Kusoma mwanga

Kabla ya umeme, tumia macho. Kagua waya, toa vumbi na viota, angalia kapasita zilizovimba. Nyuma ya redio nyingi za zamani kuna kichagua volti: 110, 127, 220, 240. Hakikisha kiko kwenye 220 au 240. Vifaa vya mtumba kutoka Japani vimetengenezwa kwa volti 100, na vya Marekani kwa 120. Hivyo bila transfoma ya kushushia usivichomeke popote.

Kisha chomeka, washa, tazama globu. Ikimulika kidogo halafu ikafifia, ni dalili nzuri: kapasita zilikuwa zinajaa. Redio ya valvu itaiacha na wekundu kiasi, kwa sababu yenyewe inakula wati 40 hadi 60. Ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, zima, kuna shoti. Ikianza hafifu halafu ikazidi kung'aa polepole, zima pia, kuna kitu kinaharibika ndani. Isipowaka hata chembe, huenda fyuzi au waya umekatika.

Usijaribu kwa pasi ukadhani umegundua ubovu. Pasi nzima kabisa ya wati 1,000 itaiwasha globu karibu mwanga wote, kwa kuwa ukinzani wake ni mdogo. Kipimo hiki ni cha redio na amplifaya.

Shoti ya pili

Basi siku ile globu ilifika, nikachomeka. Ikawaka pwaa! Stoo nzima ikawa mchana, na haikufifia. Nikazima. Nikawasha tena mara moja ili baba mdogo aone, na hapo ndipo binamu yangu wa kidato cha pili akanyoosha mkono kuelekea kwenye chuma cha ndani ya redio. Nilimdaka kiwiko. Akashangaa: "Si umesema globu inazuia shoti?"

Kosa lilikuwa langu. Sisi Waswahili neno "shoti" tunalitumia kwa mambo mawili. Waya kugusana ni shoti, na mtu kupigwa na umeme ni shoti. Globu inazuia ile ya kwanza tu.

Piga hesabu. Mwili wa mtu una ukinzani wa ohmu elfu moja na zaidi. Ukiushika waya wa moto, globu inabaki ya baridi na ohmu zake 40, haioni hata kama upo. Hata ingebana kabisa, ampea 0.43 ni miliampea 430, wakati vikatizi vya kulinda watu vinakata umeme kwenye miliampea 30. Globu inalinda redio. Mkono wako unalindwa na akili yako.

Baadhi ya redio za zamani hazina transfoma kabisa. Chuma chote cha ndani kimeunganishwa na pini moja ya plagi, na inaweza kuwa ndiyo ya moto. Hata ukichomoa, kapasita za redio ya valvu zinaweza kubaki na volti zaidi ya 200. Zinatolewa chaji kwa rezista, kisha zinapimwa kwa multimita, ndipo uguse. Kwa hiyo chomoa plagi kabla ya kuingiza mkono, kaa pakavu, vaa viatu, usifanye peke yako. Na kabla ya kuwasha, waambie waliokuzunguka, hasa watoto, kwa lugha isiyo na utata.

Redio ikashuka mjini kwa fundi. Kapasita mbili zilikuwa zimeungana, waya wa plagi ukabadilishwa wote. Pasaka tukapanda nayo tena, nikaichomeka kwanza kwenye globu ileile: ikamulika, ikafifia. Nikaihamishia ukutani. Valvu zikaanza kuwa nyekundu taratibu. Usiku, kwenye masafa mafupi, ikashika stesheni fulani ya mbali kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua pale ndani.

Bibi hakujali lugha. Alivuta kiti karibu, akasema, "Hiyo ndiyo sauti yake." Sikumuuliza kama alimaanisha ya redio au ya babu.