Kadi ya Bima Itangulie Barua ya Kustaafu

Mtumishi wa umma nchini Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na kwa kawaida akitimiza 60 hana budi kustaafu. Katika miaka hiyo mitano, mazungumzo ya watumishi wa Kibaha Mailimoja na ya walimu wa Maneromango kule Kisarawe ni ya kiinua mgongo: kitatoka lini, kitamalizia nyumba ipi. Bima ya afya haitajwi. Imezoeleka, asilimia 3 hukatwa kwenye mshahara, mwajiri naye huchangia asilimia 3, na kadi imo mfukoni. Mimi nasema iwe ajenda ya kwanza, kwa sababu ndiyo ile miaka ambayo presha na kisukari hubisha hodi.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukaanza kazi 2001. Ukiwa kazini, kadi inakuhudumia wewe, mwenza wako na wategemezi wasiozidi wanne. Ukistaafu ukiwa mwanachama, Mfuko huendelea kukuhudumia wewe na mwenza wako bila makato tena. Ni haki kubwa. Lakini watoto na wazazi hutoka, na hapo ndipo wengi hushtukia. Baba wa miaka 60 mwenye mtoto wa kidato cha pili lazima amtafutie mtoto huyo bima nyingine, na ni heri ajue hilo angali na mshahara.

Linalowasumbua zaidi watu wa mkoa wetu wa Pwani ni suala la mwenza. Tuseme mwalimu wa Mzenga, Kisarawe, alioa mwaka 1990 mbele ya shehe na mashahidi, mahari ikatolewa, watoto wakazaliwa, lakini cheti cha ndoa hakikuchukuliwa au kililiwa na mchwa. Kijiji kizima kinamjua mkewe. Ofisi ya bima haimjui, inataka karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inawadhania kuwa mke na mume watu walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kutambulika hivyo, ila dhana hiyo inaweza kupingwa, na kuithibitisha ni kazi ya mahakama. Mwalimu huyu mwenye ndoa halali ya dini asiifuate njia hiyo ndefu. Arudi kwa aliyewafungisha au kwenye msikiti husika, kisha aulizie usajili wa ndoa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Wengine wana karatasi, ila majina yanagongana: kwenye ajira mama ana jina la baba yake, kwenye kitambulisho cha Taifa ana la mume. Kurekebisha herufi tatu kunaweza kula miezi. Anza mapema, angalau mwaka mmoja kabla ya kuaga ofisi.

Mfanyakazi wa kiwandani Kibaha yuko pabaya zaidi. Mara nyingi bima aliyopewa na kampuni hukoma ajira inapokoma, na akitaka kujiunga mwenyewe, umri unapandisha bei. NHIF ilipotangaza vifurushi vya Najali, Wekeza na Timiza mwaka 2019, kile cha chini kilikuwa shilingi 192,000 kwa mwaka kwa kijana wa miaka 18 hadi 35, na 360,000 kwa aliyefika 60. Vifurushi hubadilika, kwa hiyo ulizia bei ya sasa. Kanuni ya umri ndiyo ya kuzingatia. Wala usingoje ugonjwa: anayesubiri augue ndipo ajiunge ni sawa na anayeingia kwenye upatu siku ya zamu yake ya kupokea: wenzake hawawezi kumkubali, na wakikubali mchezo unavunjika.

Mkulima wa korosho wa Kisarawe hana barua ya kustaafu. Kwake ilikuja bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF iliyoboreshwa, iliyoanza kusambazwa mwaka 2018: wakati huo ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa Pwani, hiyo ni Tumbi, pale Kibaha. Mtu wa Kisarawe mjini, anayeona Pugu na Dar es Salaam ndiko karibu, aelewe kwamba kadi hiyo haikukusudiwa kumfikisha Muhimbili. Na asiitegemee mno ahadi ya matibabu bure kwa wazee. Katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ahadi hiyo ilimlenga mtu wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, na msamaha wa malipo hauna maana dirisha la dawa likiwa tupu.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi awe na bima. Naiunga mkono kwa moyo wote, kwani mzee wa Cholesamvula, kijijini Kisarawe, anastahili daktari kama mkurugenzi mstaafu. Lakini sheria haitakutafutia cheti cha ndoa. Kama una miaka 55 au zaidi, wiki hii toa kadi yako, kitambulisho chako cha Taifa na cheti cha ndoa, viweke mezani, ulinganishe majina herufi kwa herufi. Yakipishana, nenda kwa afisa utumishi wako ungali unaitwa mtumishi.